Kwa Nini Mti Mmoja Huota na Mwingine Hufa: Jinsi Msitu Unavyochagua Miti Yake

Ndugu mkulima, bila shaka umeliona jambo hili katika shamba lako. Mvua za masika zinapoanza unanunua miche mia moja, unachimba mashimo, unatia samadi, na unapanda kwa mstari ulionyoka. Mwaka wa pili ukihesabu, unakuta michache tu imebaki, nayo imedumaa. Lakini kule ukingoni mwa barabara, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda kitu, miti ya tebeswet imeota yenyewe na imekwisha kukupita kimo. Hakuna aliyeimwagilia maji, na ng'ombe hupita hapo kila siku.

Wakulima wengi husema hiyo ni bahati mbaya, au hulaumu kitalu. Pengine kitalu kina makosa yake. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine: mche ule haukuwa na umbo wala tabia ya kuishi mahali ulipopandwa. Jambo hili latupasa kulifahamu vizuri sasa kuliko zamani. Serikali ilianza mpango wa kupanda miti bilioni 15 mwezi wa Desemba 2022, uwe umetimia mwaka 2032, na sehemu kubwa ya miche hiyo inapandwa mashambani mwetu, si msituni tu. Mche uliokufa ni fedha iliyokufa, na ni siku za kazi zilizopotea wakati majani ya chai yalikuwa yakingoja kuchumwa.

Basi katika makala hii tutaeleza jinsi msitu wenyewe, bila Bwana Msitu wala Bwana Shamba, unavyopanga ni miti gani ikae pamoja na ni ipi ikataliwe.

Kutoka Chepalungu hadi kwenye mianzi

Anza safari yako kusini mwa Bomet, katika nchi ya Chepalungu. Mvua huko ni kidogo kuliko ya Kericho, na jua huchoma zaidi. Tazama majani ya miti iliyobaki: emitiot, yaani mzeituni wa mwitu, ana majani madogo, membamba na magumu; uswet naye ana majani magumu yasiyonyauka upesi. Majani ya namna hiyo hutoa maji kidogo tu wakati wa jua. Mti wenye majani mapana na laini ukipandwa hapo bila maji ya kutosha hunyauka katika kiangazi cha kwanza.

Sasa panda juu kuelekea Bomet mjini, upite Silibwet, uingie kandokando ya Msitu wa Mau Kusini-Magharibi. Mvua inaongezeka na hewa inapoa. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Hapa utaona miti ya majani makubwa: aounet yenye shina refu lililonyoka na mwavuli wa majani juu, silibwet yenye maua meupe, na tendwet, mti ambao magome yake hutafutwa na watengenezaji wa dawa wa Ulaya hata biashara yake ikawekewa mipaka ya kimataifa tangu mwaka 1995. Ukizidi kupanda, miti hii hupungua na mianzi, ile tegaat tunayoijua sote, hushika nchi. Na ukienda upande wa kaskazini hadi Londiani, ambako mvua ni kidogo kuliko Kericho mjini, utakuta tarakwet, yaani mtarakwa, mti wa nchi ya baridi isiyo na mvua nyingi mno.

Wazee wetu waliyajua haya kabla ya mtaalamu yeyote kuja na kitabu. Majina ya mahali kama Silibwet, Kaptebeswet na Tendwet ni majina ya miti. Mtu aliyesikia jina hilo alijua mara moja ni nchi ya namna gani.

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya mahali: ni kama mlango mwembamba. Baridi, mvua, jua na udongo husimama mlangoni, na kila mbegu inayofika huulizwa, "Una nini cha kukuwezesha kukaa hapa?" Mbegu haijibu kwa maneno, bali kwa unene wa jani lake, urefu wa mzizi wake na ugumu wa mti wake. Isiyo na jibu hufa ingali mche.

Tena usidhani kwamba mlango huu ni mmoja kwa kijiji kizima. Shamba moja la ekari tano laweza kuwa na milango mitatu. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku hushuka kilimani kama maji na kutuama bondeni. Ilipopiga baridi kali mwezi wa Januari 2012, chai iliungua katika sehemu nyingi za Kericho, Sotik na Nandi, na waliokuwa na mashamba mabondeni wanakumbuka. Mche laini ukipandwa bondeni hupata adhabu hiyo hiyo, hali ndugu yake aliyepandwa hatua mia mbili juu ya mteremko hana habari.

Mahali palipokuwa na boma

Kama unalima chai, unao ushahidi wa jambo hili katika mashina yako mwenyewe. Chai hupenda udongo wenye uchachu. Wataalamu hupima uchachu kwa hesabu iitwayo pH, na chai hustawi pale hesabu hiyo inapokuwa karibu 4.5 hadi 5.5. Mimea mingi haiwezi kuvumilia udongo wa namna hiyo, maana aluminiamu iliyomo huyeyuka na kuidhuru mizizi. Lakini chai ina tabia yake ya pekee: huinyonya aluminiamu hiyo na kuiweka katika majani yake makuukuu bila kuumia.

Sasa kumbuka yale mabaka ya mviringo katika shamba la chai ambapo mashina hugeuka manjano, hudumaa na kufa, hata ukipanda tena mara tatu. Uliza wazee nini kilikuwa hapo zamani. Mara nyingi utaambiwa palikuwa na nyumba au boma la ng'ombe. Majivu ya moto na mavi ya ng'ombe ya miaka mingi yameondoa uchachu, na udongo uliokuwa mzuri kwa chai umekuwa mzuri kwa mahindi, mboga na viwavi. Katika mashamba makubwa ya Kericho mabaka hayo yanajulikana tangu siku za kwanza za chai, na hutibiwa kwa kutia salfa ili kurudisha uchachu.

Angalia basi: mvua ni ile ile, jua ni lile lile, mkulima ni yule yule. Hatua kumi tu zimebadili ni mmea gani uishi na upi ufe. Ndivyo msitu nao ulivyo. Mtu akiingia humo huona miti imesimama ovyo ovyo, lakini chini ya ovyo hiyo udongo una mabaka yake, na kila baka lina wenyeji wake.

Jambo hilo lina fundisho la kazi. Pale chai ilipokataa, usishindane nayo miaka kumi. Mahali hapo hapo panafaa kitalu cha mboga, au miti inayopenda udongo mtamu.

Miti yenye haraka na miti yenye subira

Tufikiri sasa kwamba mbegu imekwisha kupita mlango wa hewa na udongo. Bado iko kazi ya pili, nayo ni kuishi na majirani.

Mti mkubwa unapoanguka msituni, jua huingia hata chini. Katika miezi michache mahali hapo hujaa tepengwet, na baada yake huja tebeswet, silibwet na aounet. Hii ni miti yenye haraka. Mbao zake ni nyepesi, majani yake ni mapana na hayakugharimu sana kuyatengeneza, na mbegu zake ni nyingi na ndogo. Hukua upesi kama vijana waliopata mshahara wa kwanza, na hutumia yote. Lakini haiwezi kuvumilia kivuli: watoto wake hawaoti vizuri chini ya mama zao.

Iko miti mingine yenye subira. Mzeituni mkubwa wa msituni, ule ambao maseremala huuita elgon tiki, una mbao nzito kabisa. Miti ya jamaa yake mingine ina mbao ambazo zikitupwa majini huzama. Saptet, yaani podo, ni mwingine asiye na haraka. Mche wa miti hii hukaa kivulini miaka mingi, hauongezeki ila vidole vichache, ukingoja. Jani lake ni nene, hudumu muda mrefu, na wadudu hawalipendi sana. Tebeswet inapozeeka na kuanguka, yule mwenye subira aliyekuwa chini yake hupanda juu na kuchukua nafasi.

Hakuna mti uwezao kuwa na yote mawili, haraka na ugumu. Mti, kama mkulima, una mfuko mmoja tu. Akiba ikiwekwa katika mbao ngumu haiwezi kuwekwa tena katika kurefuka. Kwa sababu hiyo msitu mmoja huweza kuwa na aina nyingi za miti bila mmoja kuwamaliza wengine: kila mmoja ametumia mfuko wake kwa njia tofauti, na kila mmoja ana wakati wake na nafasi yake. Seyet huingia hapa pia, maana mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyotia chakula cha naitrojeni katika udongo, na jirani zake hufaidika majani yake yanapooza.

Ndiyo sababu wakulima wengi hushindwa na podo. Hupanda mche wa msitu wa zamani katikati ya uwanja mtupu, juani, pamoja na nyasi, kisha husema podo ni mti mgumu kuotesha. Mti si mgumu, ila umepewa mahali pa tebeswet. Tendwet iko katikati: huota kivulini, lakini haiendelei vema mpaka ipate mwanga.

Wataalamu wenyewe wamegombana sana juu ya mambo haya. Mwaka 1916 Mmarekani Frederic Clements alisema msitu ni kama mwili mmoja, na kila mti ni kiungo chake, hivyo hukua kwa njia moja mpaka utimie. Mwaka 1926 mwenzake Henry Gleason alimpinga, akasema kila mti hujitafutia maisha yake, na msitu ni mkusanyiko tu wa waliofika na wakaweza kukaa, kama watu sokoni. Kwa siku nyingi Gleason hakusikilizwa. Siku hizi wengi huona kwamba alikuwa karibu zaidi na ukweli, ijapokuwa majirani nao wana nguvu zao. Kwa mkulima, neno la Gleason lina faida kubwa: ikiwa msitu ni wale waliofika na wakaweza kukaa, basi mtu aweza kuwasaidia kufika, tena aweza kuwasaidia kukaa.

Nani huleta mbegu?

Mti hauwezi kutembea. Tebeswet hupasua tunda lake na kurusha mbegu, na sisimizi huzisogeza mbele kidogo. Mbegu za tendwet, lamaiywet na podo huchukuliwa na wanyama na ndege: hondohondo, shorobo mwenye mbawa nyekundu, kima, na usiku popo walao matunda. Hawa hula tunda mahali pamoja na kuiacha mbegu mahali pengine.

Huduma hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mche unaoota chini kabisa ya mama yake mara nyingi hufa, kwa sababu wadudu na magonjwa ya mama yapo hapo hapo yakingoja watoto. Mbegu iliyochukuliwa mbali ina nafasi bora. Kwa hiyo msitu uliokosa ndege na kima waweza kuwa na miti mikubwa mizuri na bado ukawa hauna watoto. Najua kima ni adui wa mahindi, wala sisemi umkaribishe shambani. Lakini mti mmoja wa mkuyu au wa lamaiywet ukiachwa mpakani huwa kituo cha ndege, na chini yake utaona miche ya aina ambazo hukupanda. Mahali palipo mbali na msitu, bila mti wowote wa kutua, ndege hapiti, na hapo wewe ndiwe utakayekuwa shorobo.

Mkaguzi mwingine ni ng'ombe. Yeye naye ni mlango. Anapochungwa msituni kila siku, hula miche laini na kuacha michungu na yenye miiba. Msitu hauonekani kukatwa, na kwa mbali bado ni wa kijani, lakini ndani yake wanaokua ni wale tu ambao ng'ombe hawapendi. Miti mikubwa ikifa hakuna wa kuirithi. Sehemu za Msitu wa Mau zilizo karibu na makazi zimepata dhara hili, zaidi ya dhara la shoka, na zaidi ya kupunguzwa kwa mipaka kulikofanyika mwaka 2001.

Bonde la Sambret na bonde la Lagan

Huenda utauliza, je, chai nayo si miti? Ina kijani mwaka mzima, nayo hufunika udongo. Swali hili liliulizwa Kericho mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati makampuni yalipotaka kufyeka sehemu ya msitu na kupanda chai. Wataalamu wa Afrika Mashariki, wakiongozwa na Bwana H. C. Pereira, walichukua mabonde mawili yaliyo jirani. Lagan liliachwa na msitu wake. Katika Sambret sehemu ya msitu ilifyekwa na chai ikapandwa kwa uangalifu, kwa kufuata kontua, na mianzi ya sehemu ya juu ikaachwa. Maji ya mito yote miwili yalipimwa miaka mingi.

Mara baada ya kufyeka, maji yaliyotoka Sambret yaliongezeka, maana hapakuwa na majani mengi ya kuyatumia. Chai ilipokwisha kufunga ardhi, matumizi yake ya maji yalikaribia yale ya msitu. Basi chai iliyotunzwa vizuri si adui wa maji. Jambo hili lisisahauliwe na wale wanaomlaumu mkulima wa chai kwa kila mto uliopungua.

Lakini jihadhari usichukue neno hilo zaidi ya kipimo chake. Chai ile ilikuwa na mifereji, matuta na wasimamizi. Tena chai ni mmea mmoja, wenye tabia moja, mzizi wa namna moja na jani la namna moja. Baridi ikiipiga, yote hupigwa siku ile ile. Katika msitu, kiangazi kikiua wenye majani laini, wenye majani magumu hubaki na kushika udongo. Mito ya Kipsonoi, Itare na Nyangores hutegemea kuwapo kwa wote wawili huko juu, na mabomba ya nyumba zetu hutegemea mito hiyo.

Utakavyofanya msimu huu

Kabla ya kununua mche wowote, tembea nusu saa kandokando ya shamba lako ukatazame ni miti gani ya kienyeji inayoota yenyewe, na mahali gani. Hiyo imekwisha kupita mtihani. Kama ni tebeswet, silibwet au seyet, usiing'oe yote kama magugu. Iache kwa nafasi, uzungushie miiba ng'ombe wasifike, na umepata miti bila kulipa senti.

Ukitaka tendwet, podo au miti mingine yenye subira, ipande chini ya hiyo iliyotangulia, miaka miwili au mitatu baadaye, kivuli kinapokuwa chepesi. Mche ukifika urefu wa mtu, punguza matawi ya juu uupe mwanga. Kandokando ya kijito panda lamaiywet na miti mingine inayovumilia miguu kuwa majini. Usipande mkaratusi hapo. Mkaratusi ni mti wenye haraka kupita wote, na hunywa kwa kadiri ya haraka yake. Una faida kwa kuni na nguzo, lakini mahali pake ni mteremkoni, mbali na chemchemi. Sheria ya mwaka 2009 yataka mkulima awe na miti katika sehemu ya kumi ya shamba lake, lakini haikusema sehemu hiyo yote iwe mkaratusi.

Katika boma la zamani ambapo chai ilikataa, jaribu miti ya matunda kwanza, na upime udongo kabla ya kutumia fedha nyingi. Mahali penye baridi ya bondeni usipande mche laini mwezi wowote ambao usiku wake ni mkavu na wenye nyota nyingi.

Unaponunua miche, muulize mwenye kitalu mbegu ilitoka wapi. Tendwet huota Mlima Kenya na huota Mau, lakini ni bora mbegu iwe imetoka kwenye mti ulio katika kimo na mvua karibu sawa na ya kwako, na iwe imekusanywa kutoka miti kadhaa, si mmoja. Ukikusanya mwenyewe, tendwet na lamaiywet zina mbegu zisizoweza kuwekwa ghalani kama mahindi; hupoteza uhai upesi zikikauka. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama yake kwa maji siku hiyo hiyo, na uzisie mbegu kitaluni juma lilo hilo, chini ya kivuli cha nyasi.